Siku Watani Walipotwaa Jezi za Nyangumi

Saumu na Neema, la kwanza kabisa: maji ya moto msiyasogeze karibu na jezi. La pili, damu haitolewi kwa sabuni, inatolewa kwa maji baridi na chumvi, na mkono usio na haraka. Hayo mawili nimewaambia kwa mdomo mpaka mmeanza kunikwepa. Mengine nimeona niyaandike, maana tangu nistaafu nikawaachia kazi mnakuja kwangu kuniuliza, na kila mkija mnanikuta jikoni, mkiondoka wali umeungua.

Mimi shule niliiacha darasa la nne. Mwandiko wangu umelala upande kama mtu aliyetoka kilabuni. Lakini jezi za Nyangumi nimezifua tangu namba zikishonwa kwa sindano mpaka leo zinabandikwa kwa mtambo, na hakuna timu iliyoingia uwanjani hapa Tanga ikiwa safi kuliko vijana wangu. Wakishaingia, hayo mengine ni ya kocha.

Nilikuja klabuni kutafuta kazi ya kupika. Mpishi wakawa wanaye. Mlinzi wa mlangoni akaniambia, "Kama unaweza kuvumilia harufu, nenda uani kwa Bi Kombo." Nikaenda. Nikamkuta mama mfupi, Mpemba, leso kaifunga kifuani, kainamia beseni la bati kubwa kama mtumbwi. Nikasema shikamoo. Akaitika marahaba bila kuinua kichwa, akanisukumia ndoo kwa mguu. Ndani ya ndoo mlikuwa na soksi.

Nilifua soksi siku hiyo, na kesho yake, na msimu mzima. Nikamuuliza, "Bi Kombo, na jezi nitafua lini?"

"Jezi ni uso wa mtu," akasema. "Wewe bado uko miguuni."

Nyinyi mna mashine, mnatia, mnabonyeza, mnakwenda kuchezea simu. Sisi tulikuwa na jiwe. Bi Kombo alinifundisha kugeuza jezi ndani nje ili namba isione jua. Alinifundisha kwamba tope jekundu la Muheza halifuliwi likiwa bichi. Unaliacha likauke, unalikung'uta, ndipo unalitia maji. Ukilivamia bichi linaingia ndani ya uzi na kuweka makazi. Rangi ya majani ni ndimu na chumvi. Weupe ni buluu ya kufulia kidogo katika maji ya mwisho, kidogo, nasema, si kama Neema alivyofanya mwezi ule golikipa akatoka wa buluu kama bahari. Na kamba iwe ya mkonge, kwa sababu upepo wetu wa pwani hauna adabu, na kwenye kamba ya plastiki vibanio vinateleza.

Sheria yake ya mwisho aliniambia siku aliyonikabidhi jezi. "Jezi ikipotea kwenye kamba yako," akasema, "usije kuniaga. Fungasha, nenda." Hakuwa anatania. Na kwa miaka yangu yote haikupotea hata moja. Upepo ulinichukulia kaptula mara moja ikaangukia kwa jirani, lakini kaptula si jezi.

Sasa niwaeleze habari ya Kengele, kwa sababu nyinyi mmekuja mjini juzijuzi na mnadhani Kengele ni timu tu. Tanga hii ina klabu mbili. Nyangumi, sisi, weupe na ukanda wa buluu. Kengele, wao, wekundu. Si maadui. Ni watani. Mnajua utani wa makabila ulivyo huku kwetu: mtani wako anakutukana hadharani nawe unacheka, anaingia jikoni kwako anafunua chungu, anachukua anachotaka, na wewe ukikasirika aibu ni yako. Ukitaka kitu chako unakwenda kukikomboa kwa sharti atakalotoa yeye. Na mkifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika, anakuja kuwachekesha msibani mpaka mzike. Basi utani huo zamani uliruka ukaingia kwenye mpira. Mtu wa Kengele ni mtani wa mtu wa Nyangumi, awe Mdigo, awe Msambaa, awe ameshuka kwenye meli jana.

Mfuaji wa Kengele alikuwa Mama Anjela. Baba yake alishuka kutoka milimani kuja kukata mkonge, Mlutheri, na binti akarithi mikono ya baba, mikubwa kama makasia. Yeye alifua nyekundu, mimi nyeupe. Nikimkuta sokoni anachagua sabuni ya bei rahisi namwambia, "Nunua hata majivu, mtani. Rangi yenu inaficha uchafu." Yeye ananijibu, "Na yenu inaonyesha aibu."

Ukafika mwaka mmoja, mvua za vuli zilinyesha wiki nzima kabla ya mechi ya watani. Jezi zangu hazikauki. Nimezitundika ukumbini, nimezitundika ofisini kwa katibu mpaka akawa anaandika barua amejifunika mfuko kichwani. Hazikauki. Asubuhi ya mechi namwona Mama Anjela anaingia uani, kalowa chapachapa, kabeba pasi mbili za mkaa, moja kila mkono.

"Nimesikia watani wanacheza uchi leo," akasema.

Tulipiga pasi pamoja mpaka adhuhuri, huku ananitukana kila jezi. "Hii sanda ya kipa. Hii sanda ya beki. Naona leo mnazikwa wengi." Zilikauka. Siku hiyo tulishinda, na alininunia mpaka mfungo ukaingia. Hiyo ndiyo kazi, wanangu. Hakuna semina ya mambo hayo.

Marehemu mume wangu, Bakari, alikuwa mtu wa Kengele. Mchukuzi bandarini, mrefu, akitembea anakwenda upande kama kaa. Siku ya mechi ya watani tulikuwa hatusemeshani tangu chai ya asubuhi. Akifungwa anakwenda kulala bila kula. Nikifungwa mimi, anakula na changu.

Bakari alikufa ghafla, kazini, akiwa na gunia begani. Sitaki kuieleza sana siku hiyo. Nilikaa chumbani na wanawake, nimekauka, silii, sisemi, maji sinywi. Mara nasikia kishindo mlangoni. Watu wa Nyangumi wamefika, watani wa marehemu. Mbele yao Chande, mpiga ngoma wetu, yule muuza machungwa wa Muheza ambaye sauti yake inaanza kufika kabla yake. Chande kavaa koti la Bakari. Alilitoa wapi sijui. Akawa anatembea upande, vilevile, bega moja mbele, anakwenda na kurudi mbele ya waombolezaji. Kisha akalala chali mlangoni na kuzuia njia.

"Bakari hatoki!" akapiga kelele. "Hatoki mpaka akubali lile goli letu halikuwa la kuotea! Bakari, sema! Kaa kimya kama umekubali!" Akasikiliza. "Amekubali! Mashahidi mmesikia!"

Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakapata njia, na yalipoanza hayakusimama. Mama Anjela alinishika mabega. Nilikuwa sijui kama yupo. Ndivyo nilivyomzika mume wangu, na ndiyo maana nikawa hodari tena baada ya eda, nikarudi kwenye beseni. Msije mkasahau hapa, maana yanayofuata yote yanatoka hapa.

Miaka michache iliyopita Nyangumi ikapata Mwenyekiti mpya. Sitamtaja jina, mnamjua. Mtoto wa Moa, kule mpakani, aliyekwenda mjini akapata biashara akarudi na gari refu. Hakuwa mtu mbaya. Alituwekea mashine ya kufulia, ile ile. Alitengeneza choo cha wachezaji. Mishahara ikawa inakuja mwezi ukiisha badala ya msimu ukiisha. Akaleta wawekezaji, wawekezaji wakaleta wachezaji, wachezaji wakaleta viatu vya rangi ambazo hata kanga hazina.

Siku moja redio ikatangaza. Vilabu vikubwa vya ukanda wetu, vya nchi kadhaa, vinataka kujitenga na kuunda ligi yao wenyewe. Kuingia ni kwa mwaliko. Hakuna kupanda daraja, hakuna kushuka. Wenye nacho wanacheza na wenye nacho. Na Nyangumi wa Tanga wamealikwa. Watu waliiita Ligi ya Vigogo kabla hata ya taarifa ya habari kwisha.

Kijiwe cha kahawa kilicho kando ya klabu kimeegemea ukuta wa uani kwangu. Mimi nikianika, nasikia kila neno. Siku tatu za kwanza ilikuwa shangwe.

"Sasa dunia itatujua!"

"Tutacheza na wakubwa tu. Habari ya kwenda kuchezea kwenye mashamba ya muhogo imekwisha."

"Na Kengele je?" mtu akauliza.

"Kengele watatuangalia kwenye televisheni, kama wana umeme."

Vicheko. Kisha maneno yakaanza kutoka kidogokidogo, kama rangi mbaya kwenye maji. Mechi za nyumbani hazitachezwa Tanga, kwa sababu uwanja wetu si wa hadhi yao. Zitachezwa Dar es Salaam. Na klabu ikishaingia kule, inatoka kwenye ligi ya kawaida moja kwa moja. Kwa hiyo mechi ya watani basi. Haipo.

Chande alikuja na gunia lake la machungwa, akaambiwa. Nilimsikia akikaa chini kwa uzito.

"Basi?" akauliza. "Milele?"

"Milele, mzee. Ndiyo maendeleo."

"Na mimi nitapigia nani ngoma?"

"Utapiga kwenye televisheni."

"We mtoto," Chande akasema, "nimeshika ngoma hii kabla baba yako hajamtongoza mama yako. Nani anataniwa kwa televisheni?"

Hapo kijiwe kikagawanyika. Vijana wengi walitaka, nao walikuwa na hoja, siwezi kuwadhulumu. Mmoja alisema, "Bi Jezi," ndivyo walivyoniita kupitia ukutani, "sisi tumechoka kuuza wachezaji wazuri kila mwaka. Tukibaki hapa tutabaki wadogo mpaka tufe." Mwingine akasema kule Ulaya wakubwa walishajaribu hivyohivyo, mashabiki wao wenyewe wakamiminika barabarani kuwakatalia. "Walikuwa wajinga," akajibiwa. "Au walikuwa na watani," akasema Chande.

Mimi niliendelea kufua. Lakini kichwani nilikuwa nimekaa chumbani na wanawake tena, nasikiliza kama kuna kishindo mlangoni. Nikajiuliza jambo moja tu. Timu hizi zisipokutana tena, mtoto anayezaliwa leo hatajua mtani wake ni nani. Utani hauishi kwa kukumbukwa, unaishi kwa kuchokozwa kila msimu. Basi siku yangu ikifika, nani atalala mlangoni kwangu?

Mwenyekiti aliniletea nembo. Taji la dhahabu, dogo, la kushona kwenye mkono wa jezi. Jumamosi wageni wa ligi mpya watakuja, wachezaji watavaa jezi zenye taji, watapigwa picha, mkataba utatiwa saini hotelini kukiwa na biriani. "Bi Jezi," akaniambia kwa heshima, "shona vizuri. Picha hizi zitakwenda mbali." Nilishona. Kazi ni kazi. Nilishona kwa uzi wa mara mbili, mstari umenyooka, kisha nikazifua jezi zote, nikazitia buluu, na Jumamosi asubuhi nikazianika. Wallahi zilipendeza. Zilijaa kamba kama meno.

Nilikuwa namwaga maji ya mwisho nikasikia hodi.

"Hodi msibani."

Ni Mama Anjela. Kafunga kaniki nyeusi kiunoni, kashika mkeka. Nyuma yake watu wa Kengele, wake kwa waume, wazee kwa vijana, na mabirika ya kahawa. Hakuna aliyecheka.

"Msiba gani, mtani?" nikauliza.

"Hujasikia? Nyangumi kafa. Tumekuja kuzika."

"Hajafa. Anakwenda Dar."

"Ndiyo hivyohivyo," akasema. "Tumekuja kuchukua sanda."

Akaenda kwenye kamba. Akatoa kibanio cha kwanza, akakitia kwenye kopo la vibanio, kama mfuaji anavyopaswa. Akaikunja jezi, akampa aliye nyuma yake. Akatoa cha pili.

Nilisimama na beseni mikononi. Wanangu, nilimsikia Bi Kombo sikioni kama yupo: fungasha, nenda. Miaka yote ile, haijapotea hata moja. Ningepiga kelele, vijana wa mazoezini wangekuja mbio. Ningezuia mlango kwa beseni tu, kwani mlango wa uani ni mwembamba na mimi si mwembamba. Mama Anjela aligeuka akanitazama.

"Ukikasirika, mtani, utani umekwisha leo," akasema. "Nami nitakurudishia zote, na sitakuja tena. Nambie."

Hakuwa anachekesha. Macho yake yalikuwa mekundu kama jezi zao.

Niliweka beseni chini.

"Namba nane mshono wa bega umelegea," nikamwambia. "Usiivute."

"Nimeuona," akasema, akaikunja taratibu.

Wakatoka. Wakatandika mikeka kwenye lango la klabu, palepale gari la wageni lingepita, wakakaa kimsiba. Jezi katikati, zimefunikwa shuka. Wengine wakaanza kumlilia Nyangumi kwa sauti. "Uuuwi, alikuwa mzuri, alikuwa hajui kufunga penalti! Uuuwi, nani atatufunga kwa bahati tena!" Watu wa mtaa wakajaa. Vijana wetu wa kijiweni walikuja kuwafukuza, wakakuta Chande keshavuka kwenda kukaa katikati ya mkeka, ngoma magotini, kimya.

"Mzee, unafanya nini kwa wekundu?"

"Mimi ndiye mfiwa," akasema Chande. "Nipeni pole."

Kijana wa kwanza akasimama pale. Kisha akampa mkono. Akampa pole. Akavua viatu akakaa. Wa pili akafuata. Si wote. Wengine walisimama pembeni wakisema ni upuuzi, na mpaka leo wanasema hivyo, nakutana nao sokoni.

Mwenyekiti akaja uani kwangu anahema, kavaa suti.

"Bi Jezi, jezi ziko wapi?"

"Zimetwaliwa."

"Zimeibwa!"

"Sikusema zimeibwa."

"Mama yangu, wageni wako njiani. Nimewapigia simu polisi. Wanataka neno moja tu la mtunzaji wa jezi. Sema umeibiwa, zirudi, mambo yaishe."

"Nikisema hivyo watamfunga Mama Anjela."

"Watamwonya tu."

"Zimechukuliwa na mtani, mbele ya macho yangu, mchana," nikamwambia. "Mtani haibi. Ukitaka kuniachisha kazi niachishe sasa hivi, naanua na leso yangu niende. Neno hilo halitoki kinywani mwangu."

Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, suti na yote. Nikamwonea huruma. Akaniambia mambo ya hesabu, ya klabu itakavyoishi, ya vijana watakavyolipwa. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu hakuwa anadanganya.

"Yote ni kweli," nikasema. "Sasa nambie, baba yako, Nyangumi wa damu, tulipomzika Moa, aliyezuia jeneza mlangoni nani?"

Kule nje walikuwa wakimlilia Nyangumi kwa beti mpya, wanamtaja beki wetu wa kushoto.

"Kengele," akasema mwishowe. "Walikuja na basi zima. Kuna mzee mmoja alivaa kofia ya baba, akakaa kwenye kiti chake, akawa ananikemea kama baba. 'We mtoto, umekuja na suti kwenye mchanga?' Nilikuwa sijacheka tangu nipigiwe simu." Akajifuta uso. "Nilikuwa sijalia pia."

Nilimpa maji.

Aliondoka kwa mlango wa mbele. Nikamfuata na leso yangu mkononi, nisije nikakosa kuona. Polisi wawili walikuwa wamefika, wamesimama pembeni, mmoja tayari ana kikombe cha kahawa mkononi. Mwenyekiti akasimama ukingoni mwa mkeka. Akavua viatu. Vile viatu vyenye ncha. Akakaa.

"Nimekuja kukomboa jezi," akasema. "Semeni sharti."

Watu wakamgeukia Mama Anjela. Kijana mmoja wa Kengele akapaza sauti, "Atutolee mbuzi!" Mama Anjela akamtazama mpaka akakaa.

"Mbuzi zako kula mwenyewe," akamwambia Mwenyekiti. "Sisi tunataka tarehe."

"Tarehe gani?"

"Ya mechi ya watani. Msimu huu, na ujao, na unaofuata. Hapa Tanga. Ukitupa tarehe, maiti ameamka. Usipotupa, tunaendelea na matanga, na kesho tunapika."

Mwenyekiti akasema hawezi kuamua peke yake, klabu ni ya wanachama. Chande akasema, "Basi uliza. Hawa hapa." Akapiga ngoma mara moja. Nako kweli, wanachama walikuwa pale, nusu wamekaa na nusu wamesimama. Wageni walipelekwa hotelini kwa njia nyingine, wakala biriani yao, wakaambiwa saini isubiri. Wanachama walikutana siku chache baadaye, ukumbi ukafurika mpaka madirishani, wakabishana, wakatukanana, kisha wakakataa. Si kwa kura zote. Lakini walikataa. Nasikia miji mingine nayo iligoma kwa namna yake, na Ligi ya Vigogo ikabaki ya maneno.

Jezi nilirudishiwa Jumapili, baada ya mkutano huo. Mama Anjela alizileta mwenyewe kichwani, zimefuliwa, zimepigwa pasi. Nilizikagua moja moja mbele yake kama nisiyemwamini. Namba nane alikuwa ameushona ule mshono wa bega. Na mikononi, yale mataji ya dhahabu hayakuwepo. Hakukata, hakurarua. Alifumua uzi wangu wa mara mbili, tundu kwa tundu, mpaka kitambaa hakikuwa na alama. Mikono ile kama makasia.

"Ulishona kwa hasira," akaniambia. "Macho yamenitoka."

"Umezipiga pasi kwenye namba," nikamwambia. "Mshenzi."

Nisiwafiche yaliyofuata. Wawekezaji waliondoka, na wachezaji wao na viatu vyao. Msimu uliofuata tulishuka daraja. Vijana wa kijiweni walinitupia maneno ukutani mwezi mzima: "Bi Jezi, haya ndiyo uliyotaka?" Nikawajibu ndiyo, niletieni soksi. Baada ya hapo Kengele nao wakashuka, na mimi siku zote nasema walikosa usingizi bila sisi. Mechi ya watani tukaicheza huko daraja la chini, uwanja umejaa, watu wamekaa mpaka juu ya ukuta. Mwenyekiti alikuwepo. Bado ni Mwenyekiti. Siku hizi suti anaiacha nyumbani.

Siku yangu ya kustaafu klabu ilinipa kanga na hotuba. Hotuba ilikuwa ndefu. Ilipokwisha nikarudi uani kulichukua beseni la Bi Kombo, lile la bati, niende nalo nyumbani. Halipo. Vibanio vimo koponi, sabuni ipo mahali pake, beseni hakuna. Nyinyi wawili mlikuwa mnacheka nyuma ya mashine, mnadhani sikuwaona.

Najua liko kwa Mama Anjela. Anafugia bata. Ameniletea sharti lake: nikalikomboe kwa kukaa upande wa wekundu mechi ya watani ijayo, nimevaa jezi yao. Nimemwambia atasubiri sana. Watoto wangu wanasema, "Mama, tutakununulia jingine." Hawaelewi. Sitaki jingine, na hilo sitaki lirudi sasa.

Maana siku yangu ikifika, nataka lije lenyewe. Nataka nyinyi, Saumu na Neema, mkae ndani na wanawake, msikie kishindo mlangoni. Atakuwa Mama Anjela, au bintiye kama yeye atakuwa amenitangulia, na beseni kichwani, analipiga kama ngoma, na Kengele wote nyuma yake. Atalala chali mlangoni. Atasema mimi sitoki mpaka nikubali kwamba nyekundu inafulika vizuri kuliko nyeupe. Atasikiliza. Atasema nimekubali.

Mkatae. Mkatae kwa kelele, mpaka mcheke. Kisha mnitoe.